Gari la mwalimu linaloinua kikono lenyewe

Saa tatu asubuhi, bati la banda limeshaanza kulia kwa joto, na miguu miwili imetokeza nje ya mlango wa gari jeusi ambalo halijatembea kwa miaka ishirini na tisa. Viatu vimepangwa pembeni. Mwenye miguu amelala chali chini ya dashibodi, tochi ameing'ata kwa meno, mkononi ana mswaki wa zamani anaosafishia kutu.

Mara, kwenye nguzo ya mlango wa upande unaotazama nyumba, kitu kinagonga: tak. Kidude cha chuma chenye urefu wa kiganja kinajichomoa taratibu kutoka kwenye mfuko wake, kinainuka mpaka kinanyooka kama mtu anayeonyesha njia, na ndani yake kitaa cha manjano kinawaka. Ufunguo wa gari uko juu ya meza, mbele ya macho ya mwandishi wa habari hizi. Hakuna aliyegusa swichi.

"Mwalimu, subiri kidogo, bado nafanya kazi," inasema sauti ya mwanamke kutoka chini ya dashibodi, bila haraka yoyote.

Kikono kinabaki juu kwa muda wa pumzi kumi hivi, kisha kinaanguka na kurudi mahali pake. Mwandishi, ambaye ni mtu mzima na watoto wake, wakati huo alikuwa ameshafika mlangoni mwa banda, tayari kukimbia.

Huyo aliyelala chini ni Mama Njoo-Uone, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, fundi umeme wa magari, mama wa watoto watatu ambao sasa wanajitegemea. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alibandikwa na mafundi wenzake kwa sababu ya tabia yake moja inayowachosha: hafungi kiungo cha waya kwa tepu mpaka mwenye gari aitwe, ainame, aone kwa macho yake jinsi nyaya zilivyolehemiwa. Wateja wengine wana haraka, wengine hawajui tofauti ya waya na kamba ya kiatu, lakini wote huitwa waje waone. Makanika anayepakana naye kwenye gereji anasema siku mama huyu akifa, malaika nao wataambiwa waje waone kwanza.

Tabia hiyo aliirithi kwa baba yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi. "Siku aliyonikabidhi vifaa vyake aliniambia neno moja tu: usifunge ambacho hujakionyesha," anasema. "Hakueleza, na mimi sikuuliza. Mzee wangu alikuwa akisema amesema."

Kazi yenyewe siku hizi si ya kunenepesha mtu. Miaka kumi iliyopita alikuwa akipokea magari thelathini kwa mwezi. Sasa akipata kumi na moja anashukuru Mungu. Magari mapya yana kompyuta, na wenye magari hayo huyapeleka kwa vijana wenye kompyuta. Yeye amebakiwa na magari makuukuu, yale ambayo nyaya zake zimevikwa kitambaa kilichofumwa na rangi zimefifia mpaka nyekundu na kahawia zimekuwa ndugu. Siku nzuri anarudi nyumbani na pesa ya kununua betri ya pikipiki. Siku mbaya anarudi na nauli.

Lakini gari hili jeusi hakulipokea kwa sababu ya pesa, na wala hafichi jambo hilo. Amelifuata ili asafishe jina la baba yake, na mtu anayetaka kumthibitishia ni mmoja tu, mdogo wake wa kiume.

Habari yenyewe iko hivi. Miaka ishirini na tisa iliyopita gari hili lilikuwa la mwalimu wa shule, mtu aliyeheshimika, aliyekuwa akilipaka nta kila Jumamosi. Kikono chake cha upande wa nyumba kiligoma. Vikono hivyo ndivyo vilivyokuwa indiketa za magari ya kale kama hili, kabla ya taa za kupepesa: ukitaka kukata kona, kikono kinainuka upande unaoelekea. Mwalimu akalipeleka gari kwa baba yake Mama Njoo-Uone, fundi aliyesifika mji mzima. Likatengenezwa, likatoka. Siku ya nne, mwalimu akiwa njiani kurudi kutoka shuleni, moto ukawaka chini ya dashibodi. Alizishika nyaya zinazowaka kwa mikono miwili akazivuta, na gari likapona. Mikono haikupona. Hakushika tena usukani, na chaki alikuwa akiishika kwa viganja viwili kama mtoto anayejifunza kunywa uji.

Mwalimu alipopata nafuu alikwenda gereji, mikono imefungwa bendeji, akasema mbele ya watu wote kwamba kazi ile ndiyo iliyomuunguza. Fundi mzee hakubisha. Alijibu maneno ambayo watu waliyachukua kuwa kukiri: "Kazi iliyotoka kwangu ni yangu." Wiki ile ile akafunga gereji yake. Vifaa akampa bintiye, yeye mwenyewe akaenda kuwa mlinzi wa ghala, na hakugusa waya tena mpaka alipofariki miaka kumi na minane baadaye.

Gereji ilipofungwa, karo ilikatika. Mdogo wake, aliyekuwa na miaka kumi na sita na kichwa chepesi darasani, aliacha shule akaanza kubeba mizigo. Leo ni dereva wa lori. Hakumsamehe baba. Alisema mzee angeweza kusimama akajitetea, au angeweza kukosea na bado akafanya kazi ili watoto wapate kula, lakini si kukunja mikono na kuwaacha. Baba alipougua hakuja. Alipozikwa hakuja. Hata kaburi lake halijui liko wapi.

"Mimi nilimwambia miaka yote hii kwamba baba hakukosea, kwamba yule mwalimu alichezea nyaya mwenyewe akatafuta wa kumbebesha," anasema Mama Njoo-Uone. "Mdogo wangu huniuliza swali moja: dada, uliona? Sikuona. Gari lilifungwa bandani, halikufunguliwa tena. Sasa nimepata nafasi ya kuona."

Nafasi hiyo ilikuja kwa njia isiyotarajiwa. Mwalimu alifariki miaka minne iliyopita, akamwacha mkewe, mkunga mstaafu ambaye majirani wote humwita Bibi Mkunga. Mwezi uliopita mpwa wa marehemu aliamua gari liuzwe, maana wapenda magari ya kale wanalipa vizuri. Akalifunua turubai, akaweka betri ili ajaribu taa. Taa hazikuwaka. Kikono kikainuka.

Tangu siku hiyo kinainuka kinapotaka, zaidi mchana. Mafundi wawili waliitwa wakaja. Wa kwanza aliondoka akaacha bisibisi zake, wa pili aliondoka akaacha kofia. Mpwa naye alisema atarudi Jumatatu, bila kutaja Jumatatu ya mwaka gani. Betri ilibaki mle mle kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuitoa.

Bibi Mkunga haingii bandani. Hukaa kibarazani, mgongo umeelekea ukuta, mahali anapoweza kuona nguzo ile ya mlango wa gari lakini asione kiti cha dereva. Anaeleza kwamba mumewe, kila akikaribia geti, aliinua kikono cha upande ule hata kama barabara haikuwa na mtu, na yeye akikiona kutoka dirishani alikuwa akibandika maji ya chai. Wiki mbili zilizopita kikono kiliinuka, na alipojitambua alikuwa ameshasimama jikoni, maji yanachemka, vikombe viwili viko mezani. Hakumbuki alivyofika. "Nimezalisha wanawake usiku kucha peke yangu na sikuogopa," anasema. "Hapo niliogopa."

Alipouliza kwenye magereji ni nani aliyebaki anayezijua nyaya za kitambaa, alitajiwa jina la Mama Njoo-Uone, na ni binti wa nani. Alimpigia simu hivyo hivyo. Kwa miaka ishirini na tisa familia hizi mbili hazikusalimiana hata sokoni. Fundi alipofika getini alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, na baada ya hapo kila mmoja akaangalia pembeni.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kusafisha. Alianza na betri, akacheka kidogo. Mpwa alikuwa ameifunga kama betri za magari ya sasa, upande hasi kwenye bodi. Gari hili ni la mtindo wa kale ambao upande chanya ndio unaofungwa kwenye bodi, jambo ambalo fundi kijana hawezi kulijua mpaka aunguze kitu. Akaigeuza. Vichwa vya betri akaviosha kwa maji ya moto na magadi mpaka unga wa kijani ukaisha, akavikausha, akavipaka grisi. Akasugua kwa msasa kila mahali ambapo waya unakutana na chuma. Kisha akahesabu nyaya: arobaini na tatu. Kila mmoja akaufunga kikaratasi chenye namba.

Ndani ya gari palikuwa na harufu ya kitambaa kilichoungua na chaki. Ajabu ni kwamba kila kitu kilikuwa kimebaki kama kilivyoachwa. Kipande cha chaki kilikuwa kwenye kisahani cha majivu. Kwenye swichi ya vikono, iliyo katikati ya usukani, alama nyeupe za vidole viwili zilionekana wazi, kidole gumba na cha shahada, ukubwa wa mkono wa mwanamume. Mama Njoo-Uone alisafisha usukani wote kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, lakini alama zile alizizunguka. Alipoulizwa kwa nini, alisema hazimsumbui kazi.

Alipofika kwenye nyaya za nyuma ya dashibodi ndipo mwandishi alipogundua kwamba fundi huyu hatumii macho sana. Huko ndani kuna giza na nafasi ni finyu, kwa hiyo hutumia ukucha. Alieleza kwamba kila fundi ana mkono wake, kama mwandiko. Baba yake alikuwa mtu wa mkono wa kulia, akizungusha tepu kuelekea kulia, na ukipitisha ukucha juu yake kutoka juu kwenda chini unateleza bila kukwama. Yeye ni mashoto. Tepu yake hulala upande wa pili, na ukucha hukwaruza kwenye kila mkunjo. Baba yake alikuwa akimtania kwamba kazi yake ni nzuri ila inakuna.

Kwa hiyo alilala mle ndani akipapasa kiungo kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilichoteleza alikitaja kwa sauti. Huyu baba. Huyu baba. Huyu naye baba. Mwandishi alikuwa amekaa kwenye ndoo nje ya mlango, na ilifika mahali alianza kuona kama kuna watu wawili ndani ya gari. Fundi mwenyewe alikiri kwamba mara mbili alisikia kikohozi cha mzee wake, kile cha asubuhi. Alisema hakuogopa, alikuwa amekikosa.

Mpaka jioni alikuwa ameshika viungo kumi na saba vya baba yake, vyote vimelehemiwa vizuri, vyote vizima. Alitoka amechafuka uso mzima, anatabasamu. Alisema kesho au keshokutwa atafika kwenye fungu lililoungua, na hapo mdogo wake atapata jibu.

Siku ya pili lilitokea jambo ambalo litaelezwa kama lilivyotokea. Asubuhi, kabla ya kugusa nyaya zilizoungua, Mama Njoo-Uone aliitoa betri yote akaiweka mezani, na kikono akakisukuma kwa kidole mpaka kikaingia kabisa kwenye mfuko wake. Mwandishi aliona. Walikwenda kunawa mikono kwenye bomba la uani, muda usiozidi dakika tano. Waliporudi kikono kilikuwa juu. Kitaa chake hakikuwaka, na kwa hilo mwandishi alishukuru.

Fundi alikitazama. Alisema vikono vya namna hii hukwama kwa kutu na pengine huchomoka vyenyewe, chuma kikipata joto. Kisha akaigeukia betri iliyokaa mezani peke yake, nyaya zake mbili zikining'inia hewani, na akasema tena, taratibu zaidi, kwamba hukwama kwa kutu. Siku hiyo walifunga kazi mapema.

Siku ya tatu alilifikia fungu lililoungua. Lilikuwa limejibana nyuma kabisa, kwenye kona ya chini ya dashibodi, mahali ambapo bega la mtu mnene haliwezi kupita. Nyaya zilikuwa zimekauka kama mizizi, nyingine zimekatika pale mwalimu alipozivuta. Kwa dakika nyingi hakukusikika kitu isipokuwa mswaki. Kisha mswaki ukanyamaza.

Mwandishi alisubiri amsikie akisema huyu baba. Hakusema. Alisikia ukucha ukikwaruza, ukasimama, ukarudi juu, ukakwaruza tena. Mkwaruzo ule ulirudiwa kama mara saba. Miguu iliyotokeza nje ya mlango ilikuwa imekakamaa, vidole vimekunjwa.

Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha waya chenye urefu wa kidole, ambacho alikuwa amekikata kwa plaizi. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu, akaanza kuichambua tepu iliyokuwa imekauka kama ganda. Ndani yake kulikuwa na nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja. Shaba tupu. Hakukuwa na hata tone moja la lehemu.

Alieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayefundisha. Kiungo kisicholehemiwa hulegea kwa mtikisiko wa barabara. Kikilegea hupata moto, moto huyeyusha ganda lake, shaba hubaki wazi. Magari ya mtindo huu yalikuwa na fyuzi mbili tu, na waya mkuu wa betri haukupitia hata moja, nao ulipita hapo hapo, ubavuni mwa kiungo hiki. Vilipogusana siku ile, palilipuka moto. Na mwezi huu betri ilipowekwa, kila bati lilipopata joto na chuma kutanuka, mabaki yale yalikuwa yakigusana kidogo na kukipa kikono umeme. Ndiyo sababu kilikuwa kikiinuka.

Kisha akasema, "Tepu hii inakuna. Ni mimi."

Aliendelea huku akiitazama mikono yake. Alisema mkono ulikumbuka kabla ya kichwa. Siku ile umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, pasi ya kulehemu imepoa. Baba alikuwa na mabega mapana, kona ile haikumpokea, akamtuma yeye aingie. Akamwambia asokote tu kwanza, umeme ukirudi watalehemu. Alisokota. Na kwa kuwa hakupenda kuona kazi imekaa ovyo, akapitisha tepu juu yake, nadhifu. Umeme ulirudi saa kumi jioni. Baba akauliza kutoka upande wa pili wa gari kama kule ndani tayari. Yeye akachungulia, akaona tepu, akajibu tayari.

"Tepu yangu ilinidanganya mwenyewe," alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na minne, si mtoto. Na mzee aliposema kazi iliyotoka kwangu ni yangu, hakusema uongo. Mimi nilitoka kwake."

Alilia hapo, bila kujificha, akijipangusa kwa mkono wenye grisi. Mwandishi alijaribu kumpa pole, akamkatiza. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, alisema, na akasimama akavaa viatu.

Angeweza kukitupa kile kipande. Zaidi ya mwandishi, hakuna mtu hapa duniani ambaye angejua, na gari lingeuzwa likatoka na mambo yake. Mwandishi alilifikiria hilo, na hana haja ya kusingizia kwamba hakulifikiria. Lakini mama huyu alivuka uwanja mpaka kibarazani, akapiga magoti mbele ya Bibi Mkunga, akafungua kiganja, akamwambia aone. Akamweleza yote, tangu umeme kukatika mpaka lile neno tayari.

Bibi Mkunga alikichukua kile kipande cha waya akakisogeza karibu na macho. Aliuliza maswali ya mtu wa hospitali, mafupi: kilikuwa wapi, kiligusana na nini, ingechukua muda gani kulehemu. Aliambiwa dakika mbili. Alirudia kwa sauti ndogo: dakika mbili.

"Mikono ya mume wangu niliiosha mimi kwa miaka ishirini na mitano," alisema. "Nilimfunga vifungo vya shati. Nilimlisha. Sitakudanganya, mwanangu, kwamba haikuwa kitu."

Mama Njoo-Uone alisema anajua. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Alisema tu kwamba amekuja aonekane.

Bibi aligeuza macho yake getini. Alisimulia kwamba miezi mitatu baada ya moto, fundi mzee alikuja hapa asubuhi, bisibisi mfukoni mwa shati. Hakuomba arudishiwe kazi wala asamehewe. Aliomba aachwe na gari dakika kumi tu, peke yake. Mwalimu alikataa, akamwambia gari hilo halitaguswa na mkono wowote mpaka yeye afe. Mzee akarudi mara ya pili. Akarudi mara ya tatu, mvua ikimnyeshea, akasimama getini mpaka adhuhuri.

"Sisi tulidhani anataka kuficha kosa lake," Bibi alisema. "Mimi mwenyewe nilimfungia geti. Kumbe alikuwa anaficha la kwako."

Mama Njoo-Uone alijiinamia mpaka paji la uso likagusa magoti ya yule bibi. Bibi hakumsukuma, wala hakumkumbatia. Baada ya muda aliweka mkono mgongoni kwake, akauacha hapo, kama mkunga anavyomwekea mzazi ambaye uchungu haujaisha.

Halafu akauliza kitu kimoja ambacho ilionekana alikuwa amekibeba tangu mwanzo. Aliuliza kama kikono kitainuka tena. Fundi akamjibu kwamba hapana, mama, chanzo kimekatwa. Bibi akatikisa kichwa, akasema kwa hiyo hakuwa yeye, ulikuwa waya. Fundi akasema ulikuwa waya. Habari ya siku ya pili, betri ikiwa mezani, hakuna aliyeitaja, na mwandishi naye alinyamaza.

Gari halitauzwa kwa sasa. Bibi Mkunga amempigia simu mpwa akamwambia hivyo bila kutoa sababu. Kazi iliyobaki ni ya wiki tatu: kubadili nyaya ishirini na sita, kuongeza fyuzi kwenye waya mkuu, na kulehemu kila kiungo. Bibi amesema ataingia bandani mwenyewe kuangalia kimoja kimoja kabla hakijafungwa, na siku ya majaribio atakaa kiti cha mbele. Malipo waliyokubaliana mwanzoni fundi ameyakataa, bibi amekataa kukataliwa, na mpaka tunakwenda mitamboni walikuwa bado wanavutana.

Swali lililobaki ni la mdogo wake. Mwandishi alimuuliza Mama Njoo-Uone kama ana uhakika anataka haya yachapishwe, maana mteja akisoma kwamba fundi aliwahi kuunguza mtu anaweza kupeleka gari kwingine, na magari yenyewe ni kumi na moja kwa mwezi. Alijibu kwamba amelifikiria hilo, na yaandikwe kama yalivyo. Simu hataki kutumia, kwa kuwa mdogo wake akisikia neno baba hukata. Lakini madereva wa malori husoma magazeti kwenye foleni za mizani, hawana kingine cha kufanya.

Jumapili ijayo atakwenda makaburini kupalilia. Atafika asubuhi na atakaa mpaka jioni, na anataka mdogo wake alijue hilo. Kaburi liko mstari wa nne kutoka geti la nyuma, halina jiwe, lina kichaka kidogo cha maua meupe.

"Akitaka kuninunia, aninunie mimi, nina mgongo wa kubeba," anasema. "Akitaka kunitukana, anitukane njia nzima, sitamjibu. Shule yake niliikata mimi, si mzee. Ila aje. Namsubiri aje asimame pale, amsalimie baba yake."